Mtu wa Kumi na Tano

Saint Wendel, Iowa
5 Januari 1988

Mpendwa Colette,

Salamu kutoka kwa baba yako, ambaye bado yu hai ingawa theluji imeziba mlango wa nyuma na Merle Hoefer, jirani mwema, anasubiri nife ili arithi koleo langu. Natumai ulifika Minneapolis salama na lile gari lako halikukutia aibu njiani.

Najua ungependa nikupigie simu. Miaka thelathini na moja ya misumeno ya kiwanda cha nyama imeniachia masikio mawili ya pambo, na kwenye simu nasikia mvumo tu. Kwa hiyo barua. Marehemu mama yako alikuwa akisema naandika vizuri kuliko ninavyoongea, na hadi leo sijui kama ilikuwa sifa au kejeli.

Kwanza, mambo ya Krismasi. Nilikosea kuondoka mezani. Wewe nawe ulikosea kuja na beji ya Gavana Whitcomb kwenye koti, halafu ukalitundika koti lenyewe mkabala na picha ya Papa. Maskini, alishinda sikukuu nzima akiikodolea macho. Lakini mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo samahani iwe yangu.

Pili, mkutano wa kata ni tarehe nane Februari, saa moja jioni, ukumbi wa michezo wa shule, na mwenyekiti ni mimi kwa sababu hakuna mwingine anayetaka kubeba viti. Unaukumbuka utaratibu wetu, maana ulikuwa unaufuata kwa ajili ya biskuti. Kila anayewania urais kwa chama chetu anapewa kona yake. Watu wanasimama kwenye kona hizo majirani wakiwaona, na kundi lisilofika watu kumi na tano kwa kila mia linavunjwa. Hapo makundi makubwa yanaanza kuwabembeleza waliobaki bila kona, na ndipo unapojua nani ni rafiki yako.

Mwaka huu Delphine Burkart ameshika kona ya Gavana wako na ameshaanza kuoka. Merle yuko na Mbunge Ruckert, yule mwenye masikio makubwa, anayeeleza bei ya mahindi mpaka wakulima wenyewe wanasinzia. Mimi nitasimama na Seneta Dahlgren. Unajua kwa nini. Ndiye pekee kati yao anayesema wazi kwamba kutoa mimba kupigwe marufuku, na wengine wote wanasema mwanamke aamue mwenyewe. Wa Seneta tuko wachache. Nimewapiga hesabu kichwani na tunafika kumi na tano kwa taabu.

Jana Merle aliniita pale uzioni. "Alphonse, wewe si ndiye uliyelala kwenye barafu wakati wa mgomo? Leo unasimama na kibaraka wa mabosi?" Nikamwambia aondoe theluji yake kwanza.

Njoo Pasaka. Mwaka jana zamu ilikunyima. Mwaka huu waambie hospitalini kwamba una baba mzee anayejua kuoka nyama ya nguruwe lakini hajui kuila peke yake.

Akupendaye,
Baba


Minneapolis
13 Januari 1988

Baba mpendwa,

Nimecheka habari ya Papa mpaka wenzangu wa zamu wakauliza kulikoni. Samahani yako nimeipokea. Yangu ni hii: samahani kwa beji, si kwa Gavana.

Lakini Merle amesema kweli, na unajua mimi na Merle hatukubaliani hata juu ya siku ya kufua. Huyo Seneta wako alipiga kura kuwanyima wagomaji posho. Asingekusalimia hata mkikutana getini. Nakukumbuka wakati wa mgomo, ndevu zimeganda, mama anakupelekea supu ndani ya chupa, nami nimepakiwa nyuma ya gari na blanketi mbili. Yote hayo, mshahara, matibabu ya wazee, watoto wa wenzako, yanafutwa na jambo moja tu?

Ninavyoona mimi, atakayesimama kwenye kona ile si Alphonse Thielen. Ni Padri Kessel aliyevaa kofia ya Alphonse Thielen.

Baba, mimi nafanya kazi wodi ya wazazi. Wiki iliyopita nilimshika mkono msichana wa miaka kumi na sita. Daktari akimuuliza swali, baba yake ndiye anayejibu. Unaumwa wapi? Baba anajibu. Umelala vizuri? Baba anajibu. Mwisho nikasema, "Mzee, ameulizwa yeye." Alinitazama kana kwamba nimezungumza na kitanda. Watu kama huyo ndio Seneta wako anataka kuwapa sheria mkononi.

Basi niambie sababu yako. Si ya Padri, yako. Ukinipa sababu iliyotoka ndani mwako nitanyamaza mpaka uchaguzi wenyewe Novemba, na unajua kunyamaza kunavyonitesa.

Pasaka sijui bado. Huenda nikawa na mahali pengine pa kwenda. Usinune kabla sijaeleza.

Nakupenda, mbishi wewe.
Colette


Saint Wendel
21 Januari 1988

Mwanangu Colette,

Kofia yangu haimkai Padri Kessel. Ana kichwa kidogo kama cha kuku, na nilimwambia hivyo kwenye chakula cha parokia. Kwa hiyo futa hilo.

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Mimi na mama yako tulikubaliana tusikuambie haya kamwe, lakini yeye ameniacha peke yangu na ahadi yetu, na wewe umeuliza swali la haki.

Unajua tulikupata kwa masista. Tulikuambia ulipokuwa na miaka saba, nawe ukauliza kama wamebakiwa na mtoto wa kiume maana ulitaka kaka. Siku yenyewe hatukukusimulia. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na mimba tatu zilizoharibika. Mama yako alikuwa ameacha kupita barabara ya shuleni. Oktoba ya mwaka hamsini na mbili, Jumanne, simu ikapigwa dukani kwa akina Burkart, na mtoto wao akaja mbio mpaka kiwandani. Msimamizi alininyima ruhusa. Nikavua aproni nikamwachia mkononi, nikaondoka hivyo hivyo nanuka damu ya nguruwe. Sista akaniambia, "Bwana Thielen, hutamshika mtoto katika hali hiyo." Nilinawa mara tatu. Ulikuwa na siku nne, umekunja ngumi mbili kama mtu aliyetoka kwenye kikao cha wafanyakazi. Mama yako alilia njia nzima ya kurudi, nami nikaendesha gari polepole mpaka magari ya ng'ombe yakatupita.

Mwaka sabini na tatu mahakama kuu iliporuhusu kutoa mimba, tulisikia redioni, jikoni. Mama yako aliacha vitunguu kwenye ubao akaenda kukaa chumbani mwako. Wewe ulikuwa chuoni. Nilimfuata nikakaa naye kitandani. Sote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja: kama sheria hii ingekuwapo siku zile, yule msichana huenda angeshika njia nyingine, na sisi tusingekuwa na mtu.

Ndiyo sababu yangu. Sijawahi kuiwaza sheria ile bila kukuona wewe na ngumi zako. Wenzangu wanasimama na Seneta kwa ajili ya dini, na sawa, mimi pia nasali. Lakini nikienda kwenye kona ile nakwenda kusimama ulipo wewe.

Hatukukuambia kwa sababu mtoto hapaswi kubebeshwa shukrani ya kuzaliwa. Sasa umejua. Usinijibu kwa adabu, nitaogopa. Nijibu kama kawaida yako.

Baba yako


Minneapolis
30 Januari 1988

Baba yangu,

Barua yako niliisomea ngazini, na koti bado mwilini, kwa sababu sikuweza kungoja nifungue mlango. Nililia hapo hapo. Jirani mmoja alinipa kitambaa chake cha jikoni.

Niliahidi kunyamaza ukinipa sababu yako. Siwezi, maana na mimi nimekuficha jambo miaka miwili.

Nimempata. Yule msichana. Anaitwa Verna Stoltz. Ni mjane, ana miaka hamsini na miwili na anapika katika jiko la shule huko Waterloo, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwako. Baada ya mama kufariki niliwaandikia masista, na mmoja aliyezeeka akanionea huruma. Nimemtembelea Verna mara tano. Pasaka ya mwaka jana sikuwa kwenye zamu, baba. Nilikuwa kwake. Nilikudanganya, ukabaki peke yako na nyama ya watu sita, na kila nikikumbuka nakosa raha.

Niliogopa utadhani nimekwenda kutafuta wazazi wengine. Sikujua nianzie wapi.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake alimshusha mlangoni kwa masista na sanduku lake, hata injini hakuzima. Alifua mashuka miezi mitano. Alijifungua peke yake chumbani, mlango umefungwa, anaambiwa asipige kelele, atawaamsha wengine. Siku ya nne wakamletea karatasi. Akauliza, "Naweza kusoma kwanza?" Wakamwambia, "Utasoma baadaye." Hajaisoma mpaka leo. Kila Oktoba anaugua wiki nzima, na mumewe alikwenda kaburini akidhani ni mafua.

Ndiyo maana niko na Gavana. Nikipiga kura nampigia msichana yule, ili mwingine asiamuliwe na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Unaona mambo yetu? Wewe unasimama kwa ajili ya mtoto aliyekuwa kwenye blanketi. Mimi nasimama kwa ajili ya msichana aliyekuwa chumba cha pili. Ni Jumanne ile ile, baba.

Tarehe nane simama unapotaka. Sitakuambia neno tena kuhusu Seneta. Ila tafadhali usininyamazie.

Colette wako


Saint Wendel
10 Februari 1988

Colette,

Uliomba nisikunyamazie, nami nimekunyamazia siku nane tangu barua yako ifike. Niwie radhi. Siku mbili za kwanza nilikuwa na hasira. Si kwa sababu umemtafuta, la. Ni ile Pasaka. Nilimwambia kila mtu parokiani jinsi hospitali inavyokutegemea. Delphine aliwasha mshumaa kuwaombea wagonjwa wako. Halafu hasira ikaisha ikabaki kitu kingine ambacho sina jina lake.

Sasa nikupe habari za mkutano kabla Merle hajakuandikia za kwake.

Walikuja watu tisini na nne pamoja na mimi. Kundi likitaka kusimama linahitaji kumi na tano. Nikafungua mkutano, nikasoma kanuni, nikawaambia waende kwenye kona zao, kisha nikazunguka kuhesabu. Gavana hamsini na saba. Ruckert ishirini na wawili. Seneta kumi na wanne.

Clarence Nuss, anayeongoza kona ya Seneta, akasema, "Hesabu tena, Alphonse."

Nikahesabu. Kumi na wanne.

"Umemruka mke wangu, ni mfupi."

"Sijamruka, Clarence. Namuona. Hujambo, Loretta. Kumi na wanne."

"Hesabu tena!"

Nikahesabu mara ya tatu kwa kuwagusa mabega. Kumi na wanne. Nikagonga meza, nikatangaza kundi la Seneta limevunjwa. Hapo Delphine akaja na sinia. "Karibuni huku jamani, kwa Gavana kuna joto, tuko karibu na hita! Loretta, hizi zina zabibu kavu." Naye Merle anapiga kelele upande wa pili, "Msidanganywe na biskuti! Muulizeni Gavana bei ya mahindi!" Saba wakaenda kwa Ruckert. Wawili wakaenda kwa Delphine wakitazama chini. Waliobaki wakavaa makoti, Clarence wa kwanza.

Tulipokuwa tunakunja viti Merle akanisogelea. Hakuwa anatania. "Alphonse, wewe ulikuwa wapi?"

"Mezani. Wewe hukuniona?"

"Nauliza kona gani."

Nikachukua kiti kingine nikakikunja. Alisimama na kiti mkononi, halafu akakikunja polepole akakiweka juu ya vingine.

Kesho yake mji mzima ulikuwa umepiga hesabu. Kumi na wanne na mwenyekiti ni kumi na watano. Clarence hanisalimii. Padri Kessel amenishika bega akasema umri ni mtihani, na wote wamekubaliana kwamba mzee Thielen alihesabu watu wote akajisahau mwenyewe. Nimewaacha waamini hivyo. Nimeongoza mikutano minne kabla ya huu, Colette, na kote nilianza hesabu na mimi mwenyewe.

Sikusahau. Miguu ilikataa. Nilikuwa nakwenda kusimama ulipo wewe, kama siku zote, lakini safari hii nilijua kuna mtu mwingine amelala hapo chini ya miguu yangu, na anaulizia karatasi yake. Na kwa Gavana nisingekwenda, ningekuwa mwongo, kwa sababu ninachoamini bado nakiamini. Usije ukamsimulia mtu kwamba baba yako amegeuka. Sijageuka. Nilikosa pa kusimama, basi. Na wenzangu kumi na wanne niliwavunjia kundi lao kwa ajili hiyo, na hilo linaniuma kila nimwonapo Loretta.

Nipe anwani yake. Nataka kumwandikia kwa heshima.

Na swali moja, ukitaka usilijibu. Wewe unamwita nani?

Baba


Minneapolis
16 Februari 1988

Baba,

Nimesoma habari za mkutano mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya Loretta. Mara ya tatu sikuweza kumaliza.

Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ni mtu wa haya sana, anaongea kidogo na anapenda kukulisha ili usimuulize kitu. Namwita Verna. Hakuniomba nimwite vinginevyo, nami sikujaribu.

Nakuomba jambo moja tu: usimtajie kura, wala Seneta, wala Gavana. Ameshabebeshwa ya kutosha.

Pasaka naye ameniomba nije. Sijamjibu, na wewe sijakujibu. Sitaki kusimama ukumbini huku mnanihesabu.

Nakupenda mpaka nakasirika.
Colette


Saint Wendel
24 Februari 1988

Bibi Stoltz,

Jina langu ni Alphonse Thielen. Mimi na mke wangu Hilda, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, ndio tuliompeleka Colette nyumbani. Ukiona barua hii inakusumbua, itupe jikoni na nitaelewa.

Colette amenikataza nisikutajie mambo ya kura. Nitamwasi kidogo, kwa sababu bila hayo huwezi kujua kwa nini nakuandikia leo na si miaka thelathini nyuma. Miaka yote nimewachagua wanaopinga kutoa mimba, kwa sababu ya mtoto niliyempokea. Nilimwaza yeye, nikamwaza mke wangu, nikajiwaza mimi. Wewe sikukuwaza. Nilijua kulikuwa na msichana, kama mtu anavyojua kwamba mkate umetoka kwa mwokaji. Naona haya kukuandikia hivyo lakini ndio ukweli, na nakuomba radhi.

Alikua vizuri. Alianza kutembea akiwa na miezi kumi, alimpiga mtoto wa Nuss kwa sababu nzuri, na alimuuguza mama yake mpaka mwisho kwa mikono yake mwenyewe. Hilda alikuwa akikuombea kila Oktoba bila kukujua jina. Nilidhani ungependa kusikia.

Pasaka nitaoka nyama ya watu sita. Nafasi ipo. Sitajifanya siogopi. Naogopa kwamba akija nawe nitaona mnavyofanana, na mimi hafanani nami hata ukucha. Lakini karibu.

Jambo moja naomba nikuulize. Siku ile masista hawakutuambia kama ulimpa jina. Kama ulimpa, ningependa kulijua. Kama ni siri yako, ibaki yako.

Kwa heshima,
Alphonse Thielen


Waterloo
6 Machi 1988

Bwana Thielen,

Barua hii nimeianza mara nne. Mimi si mwandishi, jikoni tunaandika orodha ya viazi tu. Utanivumilia.

Asante kwa kunieleza habari za miezi kumi na za mtoto wa Nuss. Colette hazijui zile za utotoni, na mimi niliona aibu kuuliza. Mwambie mkeo asante, kama huwa unakwenda kaburini. Mimi huwa nakwenda kwa wangu nikampa habari za shule.

Colette alikukataza mambo ya kura kwa sababu ananishika kama yai. Sivunjiki hivyo. Tarehe nane na mimi nilikuwa kwenye mkutano wa kata yetu, na nilisimama na Mbunge Ruckert. Usicheke. Ndiye pekee aliyetaja chakula cha watoto shuleni, na mimi nawaona wale wanaokuja Jumatatu na njaa ya tangu Ijumaa.

Wewe umenipigia kura miaka mingi bila kunijua. Colette naye ananipigia upande wake, kwa upendo, najua. Lakini yeye alinisikiliza hadithi yote akalia, kisha akaenda kuchagua kwa niaba yangu, na hata yeye hakuniuliza. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kitu, ingawa umeuliza jina tu. Kwa hiyo nitakujibu na lile ambalo hukuuliza.

Siku nyingine nawaza kwamba njia ile nyingine ingekuwapo ningeishika, nilikuwa mtoto na nilikuwa na hofu ya baba yangu. Kisha Colette anashuka garini na ile namna yake ya kufunga mlango kwa kiuno, na sijui niyaweke wapi mawazo hayo. Lakini siku nyingi zaidi nawaza jambo jingine. Kama mtu mmoja angenikalisha akaniuliza, "Verna, unataka nini?" ningesema nataka kurudi naye nyumbani. Nilitaka kumlea. Hilo sijamwambia yeyote, na nimeogopa kukuandikia wewe kuliko watu wote, maana ingekuwa hivyo nyumba yenu ingebaki tupu. Sikuandikii ili ujute. Mlimlea vizuri kuliko ambavyo ningeweza na ujira wa kufua mashuka. Nakuandikia kwa sababu ulinawa mara tatu. Colette alinisomea kipande hicho cha barua yako kwenye simu.

Pasaka hii sitakuja. Siko tayari kukaa kwenye meza ya Hilda. Nimemwambia Colette aje kwako, na amekubali baada ya kubishana nami nusu saa, sijui ubishi huo ameutoa kwa nani. Mwakani niulize tena.

Sasa jina. Ndiyo, nilimpa. Masista walitukataza, walisema tutaumia zaidi, lakini siku nne ni nyingi kukaa na mtu bila kumwita. Nilimwita Ruth Ann, kwa sauti ya chini, wakati wa kumnyonyesha. Katika ziara zote tano limefika mdomoni likarudi. Nikimwambia mimi, nahofia atadhani namdai kitu, na simdai. Kwa hiyo nakukabidhi wewe. Siku ukiona inafaa, mwambie. Wewe ndiye baba yake.

Verna Stoltz